Uzito wa Chungu cha Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Chumvi?

Ya ziwani!

Chungu?

Cha udongo!

Ulimi?

Hauna mfupa!

Ehee! Hapo mwisho mmeitikia kwa nguvu, kana kwamba ndimi zenyewe si zenu. Haya, sogezeni kuni. Mwenye usingizi amwegemee mwenzake, maana hadithi hii ni nusu usingizi na nusu macho. Ukisinzia utaiona, ukiamka utaisikia.

Hapo zamani za kale, bara kabisa, mahali ambapo hata harufu ya bahari haifiki, palikuwa na ziwa la chumvi. Asubuhi ziwa hilo halikuwa na mstari wa kulitenga na mbingu. Juu kweupe, chini kweupe, na katikati walitembea Heroe, wale ndege wa miguu mirefu na mabawa ya rangi ya waridi, usijue wanatembea majini au mawinguni. Mtu akisimama ufukoni saa hizo, aliweza kusahau jina lake mpaka aitwe.

Kando ya ziwa hilo watu na wanyama walifanya kazi pamoja katika Chama cha Chumvi. Walichimba vidimbwi vipana, vya kina cha kiganja tu. Walifungua lango, maji ya ziwa yakaingia, wakalifunga. Kisha jua likakaa juu yake likafanya kazi yake. Maji yalipungua, yalipungua, yalipungua, na chini chumvi ikaanza kuchanua, nyeupe, kama utando juu ya maziwa. Ukiivuna mapema utapata chumvi ya unga, nyembamba, lakini umepata. Ukiiacha inenepe inakuwa mawe, na watu wa mbali watakuja na mtama wao waishangae. Lakini ukiiacha mno, halafu inyeshe mvua, kwisha habari. Mvua na chumvi hawali sahani moja.

Wa kusema "vuneni" alikuwa mmoja tu. Aliitwa Mshika Upawa. Akichovya upawa wake katika kidimbwi cha kwanza, ndipo wote huchovya. Asipochovya, hakuna anayechovya, hata kama wingu linamdondokea puani.

Sasa, kukosea kupo. Chama kile kilikuwa na ada yake kwa Mshika Upawa aliyeharibu. Kilifinyangwa chungu kipya kwa udongo wa ziwa, kikawekwa ufukoni. Kila mwanachama alikuja, akainama, akatia kinywa chake kwenye mdomo wa chungu, akasema kosa aliloliona. Udongo ule ulishika maneno kama udongo mwingine unavyoshika maji. Neno lilizama chini, likatulia, na kila neno lilikuwa na uzito wake. Wakimaliza, chungu kilifunikwa, na aliyekosa alikibeba mwenyewe, bila msaada, mpaka Nyumba ya Vyungu kilimani, kabla jua halijagusa maji.

Akifika, kosa limekwisha. Huteremka, hunawa, hula na wenzake, na huenda siku moja upawa ukamrudia. Asipofika, hutoka kwa njia ya matete na hiyo ndiyo kwaheri yake. Harudi tena, na popote atakapokaa hakuna wa kumpa hata chembe ya chumvi.

Wazee walioianzisha ada hii hawakuwa wajinga. Walitaka kila Mshika Upawa mpya apande kilimani, afunue vyungu, asikie makosa ya waliomtangulia, asiyarudie. Lakini ninyi mnatujua sisi viumbe. Kusema ni kutamu, kusikia ni kuchungu. Wakabaki na kusema tu. Vyungu vikapangwa kilimani, vikafunikwa na utando wa buibui, na hakuna aliyefunua hata kimoja. Mlinzi wa vyungu hivyo alikuwa Kakakuona, yule mnyama wa magamba, mwenye haya nyingi, ambaye ukipaza sauti kidogo hujikunja akawa mpira.

Alishika upawa Bwana Nyati. Mwaka wake chumvi yote iliyeyuka kwa mvua. Walimfinyangia chungu, wakasema waliyosema, naye akakitundika kwenye pembe akapanda nacho kilima huku akiimba. Aliporudi walimpa kazi ya Mwonja Chumvi, kazi ya kukaa kivulini na kulamba.

Akashika upawa Bwana Ngiri. Huyo alialikwa karamu kwa mjomba wake, akaondoka mbio mkia juu, akasahau lango wazi. Ziwa likaingia likachukua chumvi yake lenyewe. Walimfinyangia chungu, wakasema waliyosema, naye akakining'iniza kwenye jino lake moja akapanda nacho akipiga mbinja. Aliporudi walimpa kazi ya kulinda lango. Naam, lango lilelile! Msicheke, mtaamsha watoto.

Ndipo upawa ukamfikia Nyamizi.

Nyamizi alikuwa mwanamke wa mkono mwepesi na kicheko kikubwa, mke wa mtu aliyekuwa safarini na misafara ya kuuza chumvi. Alikuwa na mtoto mmoja, Kabula, jina wanalopewa watoto waliozaliwa wakati wa mvua. Na mvua aliyozaliwa nayo Kabula ndiyo ileile iliyomaliza chumvi ya Bwana Nyati. Siku hizo Nyamizi alikuwa ndani, kitandani, anauguza uzazi, na rafiki yake Mama Punda alikuwa mlangoni akimpulizia moto kwa pumzi zake. Kwa hiyo chumvi ile ilivyopotea hasa, Nyamizi hakuiona wala hakusimuliwa. Shikeni hapo, tutaparudia.

Hakuna mwanamke aliyewahi kushika upawa kabla yake. Mwaka wake wa kwanza alivuna vizuri, chumvi nene, nyeupe, ya kung'aa. Wanachama wakala, wakashiba, wakasema, "Jua lilikuwa jema mwaka huu."

Mwaka wa pili chumvi ilichanua polepole. Ilikuwa bado nyembamba Heroe mmoja alipokuja akitembea juu ya mwangaza wa maji, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya Nyamizi.

"Mama Kabula," akasema, "upepo umegeuka. Mguu wangu unasikia maji matamu yanakuja. Vuna leo."

Nyamizi alitazama kidimbwi. Angevuna. Mkono wake tayari ulikuwa umeinua upawa. Lakini jana yake alipita pale Mzee Lushinge, mtu mwenye maneno kuliko kazi, akachungulia maji akasema, "Nyembamba, eh? Ndiyo chumvi ya mkono wa kike." Neno hilo lilikuwa limemkaa Nyamizi kooni kama mwiba wa samaki. Alijiona amesimama mbele ya chama kizima na chumvi ya unga, na wote wakitikisa vichwa.

Akashusha upawa. "Kesho alfajiri, Heroe," akasema. "Alfajiri moja tu, inenepe kidogo."

Heroe akashusha mguu, akaenda zake, akayeyuka katika weupe.

Mvua ilikuja na alfajiri hiyo. Haikuwa na radi wala upepo. Ilikuwa laini, kama mtu anayenyunyiza maji uani asimwamshe mgeni. Nyamizi aliisikia usingizini akadhani anaota, na katika ndoto yake vidimbwi vilikuwa vimejaa maua meupe, na maua yalikuwa yakifumba moja baada ya jingine. Alipozinduka alikimbia bila viatu. Akachovya upawa, yakaja maji. Akachovya upawa, yakaja maji. Akachovya upawa, yakaja maji. Alikaa chini katikati ya kidimbwi akalia, na machozi yake, wanasema, ndiyo yaliyokuwa chumvi pekee iliyobaki pale.

Na alikuwa na haki ya kulia. Mwaka ule watoto wangekula ugali usio na ladha, na wa mbali hawangeleta mtama, maana wangeleta kwa kubadilishana na nini? Kosa lilikuwa lake, na alilijua.

Wakafinyanga chungu. Ada ilitaka mwenye kosa asimame kando, amegeuka, masikio yamezibwa kwa pamba, asisikie nani anasema nini. Nyamizi akasimama hivyo, akilitazama ziwa. Hakusikia neno, lakini mgongo una masikio yake. Alihisi foleni ikisogea, ikisogea, ikisogea, na haiishi. Ilianzia chunguni ikafika mpaka kwenye matete. Waliosema waliondoka, wakakumbuka jingine, wakarudi. Nyani, ambaye hakuwa mwanachama na hajawahi kubeba hata jiwe la chumvi, alikuwa anapita njia. Aliona foleni, akajiunga.

Wa mwisho alikuwa Mama Punda. Yeye ndiye mbeba mizigo wa chama tangu enzi za Nyati na Ngiri. Aliinama chunguni kitambo kidogo, akainuka, akaenda kusimama mbali na wenzake.

Kakakuona alikuwa ameteremka kumsindikiza mwenye kosa, kama ilivyo ada. Akafunika chungu, akamgusa Nyamizi mguuni. Nyamizi akatoa pamba masikioni, akasokota kata ya majani akaiweka kichwani, akainama.

Akainua chungu. Hakikuinuka.

Akainua chungu. Hakikuinuka.

Akapiga magoti, akakikumbatia, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Chungu kilikaa palepale, kikazama kidogo mchangani.

"Kumbe!" akasema mmoja. "Tazameni uzito wa kosa lake!"

"Nyati alitundika kwenye pembe," akasema mwingine.

"Ngiri kwenye jino moja tena akipiga mbinja," akasema wa tatu. "Chungu hakisemi uongo."

Nanyi mnajua jambo lililo baya kuliko yote? Nyamizi aliamini. Alitazama chungu kile, akawaza, "Basi ndivyo nilivyo. Wenzangu walikosea kosa la pembe moja, mimi nimekosea kosa lisilobebeka." Jua lilikuwa juu ya kilima. Likashuka juu ya miiba. Likashuka juu ya matete. Nyamizi alianza kulitazama tundu la njia ya matete, pale watokapo wasiorudi. Akamwona Kabula akimtazama kutoka ufukoni, na kitambaa chake kidogo cha kichwani kimelegea, hakuna wa kukifunga.

Ndipo akamgeukia Kakakuona, akasema kwa sauti ya chini, asimkunje. "Baba, chungu hiki kiliwekwa cha nini?"

"Ili kosa lisikike, mwanangu," akasema Kakakuona.

"Nani amewahi kusikia?"

Kakakuona akafikiri. Magamba yake yakalia kidogo. "Hakuna."

"Kuna ada inayokataza?"

"Hakuna inayokataza. Hakuna aliyeomba."

"Mimi naomba," akasema Nyamizi. "Kosa langu nitalibeba, hata likiwa zito namna gani. Lakini sitoki katika nchi yangu kwa mzigo nisioujua."

Wanachama wakaanza kutazamana. Baadhi yao walikumbuka ghafla kwamba wana vyungu jikoni. Lakini Nyamizi alikwisha funua.

Neno la kwanza lilitoka taratibu, jeupe, dogo, likaelea hewani mbele ya nyuso za watu, nalo lilikuwa na sauti ya mwenyewe. Wote wakamjua Nyumbu. Likasema: "Anacheka kwa sauti mno."

Nyamizi akauliza, "Hili ni la chumvi?"

Kakakuona akalinusa. Kakakuona haoni vizuri, lakini hapana anayemshinda kunusa. "Si la chumvi," akasema. Neno likaelea juu likaenda zake.

Likatoka la pili: "Mtoto anakohoa nyumbani, yeye yuko ziwani. Mama gani huyo?"

"Hili ni la chumvi?"

"Si la chumvi." Likaelea juu.

Likatoka la tatu: "Siku ile alifunga kitambaa chekundu. Nani huenda kazini na kitambaa chekundu?" Hili lilikuwa la Nyani.

"Hili ni la chumvi?"

"Si la chumvi," akasema Kakakuona, akapiga chafya.

Yakatoka moja baada ya jingine, hewa ikajaa maneno. Mume wake yuko wapi. Anatembea kama ana haraka. Anatembea kama hana haraka. Moja likasema ni mkali mno, na lililofuata, la sauti ileile, likasema ni mpole mno. Na jingine likajitokeza likijikohoza: "Mwanamke na upawa, wapi na wapi!"

Wote wakamgeukia Mzee Lushinge. Mzee akajichekesha. "Aah, Mama Kabula, mimi nilikuwa natania tu."

"Ulitania kwa uzito, mzee wangu," akasema Nyamizi. "Tazama mchanga ulivyozama."

Kisha likatoka neno la sauti nyembamba ya ndege: "Nilimwambia avune leo. Akangoja alfajiri."

"Hili ni la chumvi?" akauliza Nyamizi.

Kakakuona alinusa kwa muda mrefu. "Hili ni la chumvi, mwanangu."

"Basi ni langu." Alinyoosha mikono miwili, akalidaka, akalirudisha chunguni mwenyewe. Likaanguka ndani kwa kishindo, maana lilikuwa zito kweli.

Likatoka jingine: "Wanangu watakula bila chumvi kwa sababu yake." Nalo Nyamizi akalidaka, akalirudisha. Hakufuta machozi wala hakuyaficha. Palikuwa na mtu nyuma aliyeguna, na mguno ule haukuwa wa dharau tena.

Likabaki neno moja. Lilitoka kwa shida, likakwama mdomoni mwa chungu, likatoka. "Afadhali angebaki nyumbani. Akianguka yeye, ametuangusha wanawake sote."

Ilikuwa sauti ya Mama Punda.

Nyamizi hakuuliza kama ni la chumvi. Alilitazama neno lile likielea, na moyo wake ukauma kuliko ulivyouma kwa maneno yote yaliyotangulia, maana aliyelisema ndiye aliyempulizia moto usiku aliozaa. Mama Punda alishusha masikio yake yote mawili mpaka yakagusa shingo.

Hapo Bwana Ngiri akapaza sauti. "Hebu, hebu! Msifanye kana kwamba anaonewa yeye peke yake. Sisi nasi tulisemwa! Mimi nilisemwa sana!"

Kakakuona akajikunja akawa mpira. Kutoka ndani ya mpira ikasikika sauti yake: "Basi vyungu vyenu navyo visikike."

Heroe wawili wakaruka mpaka kilimani. Walirudi wakipiga mabawa polepole katika mwanga wa jioni, kila mmoja na chungu kikimning'inia mdomoni, kikiyumba-yumba. Vilikuwa vyepesi hivyo.

Wakafunua cha Nyati. Yakatoka maneno matatu, kwa sauti zilezile walizotoka kuzisikia. "Mvua haina adabu," hili la Lushinge. "Mwaka mbaya," hili la Nyumbu. "Pole sana, Bwana Nyati, kidume hukosea mara moja," na hili sitasema la nani, mwenyewe yupo na wajukuu zake wako hapa.

Wakafunua cha Ngiri. "Lango lile lilikuwa bovu tangu zamani." "Mtu mwenye mambo mengi kichwani husahau." "Akipewa nafasi nyingine atafanya makubwa."

Kakakuona akajikunjua, akanusa chungu hiki, akanusa kile. "Hamna chumvi," akasema kwa mshangao. "Humu hamna chumvi kabisa."

Nyamizi akatia mkono katika chungu cha Nyati, akapapasa mpaka chini. Hakikuwa na kitu. "Bwana Nyati," akauliza, "kosa lako liko wapi?"

Nyati akatazama kwato zake. Akajibu badala yake yule Heroe wa kusimama kwa mguu mmoja. "Mimi nilimwambia vilevile. Nilimwambia, vuna leo. Akasema, kesho alfajiri, inenepe kidogo."

Loo! Hata maneno yaliyokuwa yakielea yalisimama.

Nyamizi alilia mara ya pili, na safari hii alilia kwa hasira. "Alfajiri moja," akasema. "Alfajiri ileile! Kama lingekuwa humu ndani, mtu mmoja tu akalisema, nami nikapanda kufunua, ningalilisikia. Ningalivuna nyembamba. Mlimhurumia yeye, mkanyamaza, nami nikakanyaga shimo lilelile. Halafu mimi mkanijaza kitambaa na kicheko, na atakayekuja baada yangu naye asingejua shimo liko wapi."

Wanachama wakahesabu vichwani mwao chumvi waliyoila na chumvi waliyoikosa. Waliona kwamba walikuwa wamekula bila ladha mara mbili kwa kosa moja. Mzee Lushinge alifungua mdomo, kisha akaufunga, na wenye kumjua wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Jua lilibakiza upana wa kidole juu ya maji.

Nyati ndiye aliyesogea. Alikuja polepole, dume zito lile, akainama juu ya chungu chake chenyewe, akatia kinywa. Safari hii watu wote walisikia. "Nilionywa nikangoja," akasema. "Wanachama walilala njaa, na nikakubali kupewa pole." Chungu kilizama mchangani mpaka kiunoni. Nyati akakitia pembe akakiinua, na shingo yake, ile shingo ya kuimbia, ikainama.

Ngiri alijifanya anaangalia lango. Kuna Ngiri kila mahali, tuendelee.

Nyamizi akaweka kata yake kichwani. Akainua chungu. Kikainuka. Msidhani kilikuwa chepesi, la, kilikuwa na chumvi ya chama kizima ndani yake. Lakini kilikuwa na uzito wa kosa lake na si zaidi, na uzito wa namna hiyo mtu hubeba. Akapanda. Nyati akapanda. Walipanda bega kwa bega, wakihema, hakuna aliyeimba. Chini yao ziwa lilikuwa limegeuka jekundu, na mbingu nyekundu, na Heroe walielea katikati kama makaa. Mguu wa Nyamizi ulivuka kizingiti cha Nyumba ya Vyungu, ndipo jua likagusa maji.

Akateremka, akanawa, akamfunga Kabula kitambaa, akala na wenzake. Chakula hakikuwa na chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo hakuna aliyepewa upawa kabla ya kupanda kilimani kufunua vyungu. Aliyefuata alivuna mapema, chumvi nyembamba ya unga, nayo ilikolea vizuri tu mchuzini. Je, upawa ulimrudia Nyamizi? Ulimrudia, baada ya kupita mikono mingine. Na akakosea tena, maana ni mtu, si jua. Wakamfinyangia chungu, wakasema aliloliharibu, naye akakibeba akapanda, akarudi kabla mchuzi haujapoa.

Na yale maneno yasiyo na chumvi? Hayakuwa na nyumba ya kukaa. Yanaelea juu ya ziwa mpaka leo. Ukipita pale asubuhi utadhani ni ukungu. Lakini simama, nyamaza, tega sikio. Utasikia mnong'ono, na ukisikiliza sana, huenda sauti ikawa yako.

Ila neno moja halikupanda. Lile la Mama Punda lilibaki likielea ufukoni jioni ile, halina pa kwenda, mpaka mwenyewe akalifuata. Alitaka kulirudisha kinywani. Alivuta pumzi kwa ndani, akavuta, akavuta, halikuingia. Ndiyo maana mpaka kesho punda akilia huanza kwa kuvuta pumzi ndani kwa nguvu, kama anayetaka kurudisha neno alilokwisha kulisema, kisha humshinda, akapiga kelele za majuto nchi nzima isikie.

Nyamizi hakumsamehe siku ile. Wala ya pili yake. Lakini kila aliposikia mlio ule kutoka kwenye vidimbwi, mkono wake ulisita juu ya kazi. Na asubuhi moja, kweupe juu na kweupe chini, alimwendea, akamwekea mkono shingoni, akasema, "Basi, mwenzangu. Nimesikia. Pumzika."

Hadithi yangu imetua chungu chake hapa. Aliye nacho kilicho kizito zaidi na akibebe kwake.